Gari Likianguka Kutoka kwenye Jeki: Namna ya Kukagua Ekseli ya Nyuma

Gari linapoteleza na kuanguka kutoka kwenye jeki, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba hakuna aliyeumia. Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni kuikagua ekseli ya nyuma kabla gari halijarudi barabarani. Gari laweza kuwaka na kuondoka kama kawaida ilhali ekseli imepinda kwa milimita chache zisizoonekana kwa macho. Milimita hizo ndizo zitakazokula tairi upande mmoja, na ndizo zitakazoliyumbisha gari dereva atakapofunga breki ghafla kwenye lami yenye maji. Hapa tunaeleza mambo ya kukagua, na yale ambayo mlaji anapaswa kuyadai iwapo gari limeangushwa na gereji.

Ifahamu ekseli ya gari lako

Magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota Vitz na IST, yana boriti ya chuma inayounganisha magurudumu ya nyuma. Kwa kawaida boriti hiyo haina boliti za kurekebishia mwelekeo wa magurudumu, ikipinda, hubadilishwa. Pikapu nyingi, pamoja na Toyota Hiace, zina ekseli nzito yenye difu katikati. Hiyo huvumilia zaidi, lakini pigo kali laweza kupinda ganda lake au kuharibu sili, mafuta ya difu yakavujia kwenye breki.

Tahadhari kabla ya kuanza

Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Liweke mahali tambarare na pagumu, zuia magurudumu ya mbele kwa vizuizi pande zote mbili, liinue kwenye sehemu zilizooneshwa katika kitabu cha gari, kisha likalishe juu ya stendi imara. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Hayo yakiwa hewani, breki hiyo hailizuii gari kusogea.

Hatua za ukaguzi

1. Breki. Kanyaga pedeli na uishikilie. Ikizama polepole, au ukiona majimaji yamedondoka chini, gari lisiendeshwe hata kidogo. Tazama paipu za breki zinazopita kwenye ekseli, waya wa breki ya mkono, na bamba lililo nyuma ya drami. Bamba hilo hupinda kwa urahisi gari linapoanguka gurudumu likiwa limefunguliwa.

2. Alama za pigo. Tafuta rangi iliyobanduka karibuni, mipasuko kwenye maungio ya kuchomelea, bushi zilizochanika na shokapu zilizopinda. Kagua pia tanki la mafuta na bomba la moshi.

3. Beringi. Achia breki ya mkono, zungusha kila gurudumu kwa mkono na usikilize. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Mkwaruzo au mchezo ni dalili ya hitilafu. Pigo moja laweza kuacha vishimo kwenye njia ya gololi, na baadaye utasikia mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.

4. Vipimo. Gari likiwa chini na usukani umenyooka, lisukume mbele na nyuma kidogo ili likae sawasawa. Pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kisha kulia. Tofauti iliyo wazi kati ya pande hizo hudokeza kwamba ekseli imesogea au imepinda. Uthibitisho hutoka kwenye mashine ya kupima usawa wa magurudumu. Omba karatasi ya vipimo kabla ya kulipa.

Iwapo gereji ndiyo iliyoliangusha

Usiondoke kabla ya kuandikiwa tarehe, namba ya gari, namna lilivyoanguka na sehemu iliyogonga chini. Piga picha. Anayetengeneza gari kwa malipo anapaswa kufanya kazi yake kwa uangalifu na ujuzi. Kwa hiyo tunashauri udai kwamba gharama ya vipimo ibebwe na gereji.

Kataa ekseli kunyooshwa kwa moto na nyundo. Joto hubadili nguvu ya chuma, na boriti inayoonekana imenyooka yaweza kupasuka safarini. Ukifungiwa ekseli ya mtumba, hakikisha ni ya modeli ileile, na magurudumu yapimwe upya baada ya kazi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalinda pia maslahi ya mlaji. Hifadhi risiti, picha na karatasi ya vipimo, kwa sababu lalamiko lenye vielelezo lina pa kuanzia. Lisilo na vielelezo hubaki ubishi kati yako na fundi.