Vidonge vya Kansa Si Vidonge vya Kichwa

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, ili wewe usilifanye nyumbani kwako.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, lakini watu huniletea pia karatasi za hospitali niwasomee. Mwaka juzi alinijia mama mmoja mjane, mgonjwa wa kansa ya titi. Alikuwa amepewa vidonge vya kapesitabini akanywe nyumbani, vya mizunguko miwili, maana safari ya hospitali ni ndefu. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni, baada ya kula. Mstari wa mwisho nikausahau. Ulisema: anywe siku 14, kisha apumzike siku 7.

Mama yule alinitii. Siku ya 15 akanywa, na ya 16 akanywa. Siku ya 18 akaanza kuhara. Kinywa kikajaa vidonda, viganja vikawa vyekundu na kuuma hata asiweze kushika mchi. Naye akanyamaza, akiogopa kunyang'anywa dawa. Mwanawe alipokuja kuniita, mama hakuweza kusimama. Alilazwa, akatiwa maji mishipani, dawa ikasimamishwa. Alipopata nafuu, daktari alimrudishia dawa kwa kipimo kidogo zaidi. Mama alinisamehe, lakini mimi sijasahau.

Labda utauliza: kwa nini dawa njema ilete madhara? Sikiliza. Kapesitabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ikiingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, dawa ya kansa iliyojulikana tangu mwaka 1957. Dawa hii huua chembe za mwili zinazozaana upesi. Chembe za kansa huzaana upesi. Lakini hata zile za kinywa, za matumbo na za damu hufanya hivyo. Siku za kupumzika huupa mwili nafasi ya kujijenga. Basi kupumzika nako ni sehemu ya matibabu.

Sasa shika mambo haya.

Kwanza, fuata maagizo ya daktari wako, si ya jirani. Kila mtu hupimiwa dozi yake, hata kama ugonjwa ni mmoja. Usimgawie mtu vidonge vyako.

Pili, nywa dawa kwa maji, katika nusu saa baada ya kula. Ukinywa saa moja asubuhi, nywa tena saa moja jioni. Usikate wala kusaga kidonge. Ukisahau dozi, au ukiitapika, usinywe mara mbili kufidia; ngoja saa ya dozi inayofuata.

Tatu, usifiche dalili. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Ukihara mara nne kwa siku kuliko desturi yako, ukihara usiku, ukitapika zaidi ya mara moja kwa siku, ukipata vidonda vya kinywa, au viganja na nyayo vikivimba na kuuma, acha dawa na umpashe daktari habari siku ile ile. Homa ya nyuzi 38 au maumivu ya kifua yasingoje kesho.

Nne, mwambie daktari kila kitu unachotumia, hata mizizi na majani. Dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini ikichanganyika na kapesitabini yaweza kuleta kutoka damu kwa hatari. Hata vidonge vya asidi ya foliki, wanavyopewa akina mama wajawazito, vyaweza kuzidisha ukali wa dawa hii.

Tano, linda wengine nyumbani. Anayemhudumia mgonjwa avae glavu anaposhika vidonge au kusafisha matapishi na choo chake, kisha anawe kwa sabuni. Mjamzito asivishike kabisa. Mgonjwa mwenyewe asinyonyeshe, na mambo ya mimba wayaulize mume na mke kwa daktari kabla ya kuanza dawa, maana yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sita, weka dawa ndani ya kopo lake, mahali pakavu pasipo joto kali, juu, watoto wasipofika. Vidonge vilivyobaki virudishwe hospitali. Visitupwe chooni wala shimoni.

Na wewe unayejua kusoma, ukiombwa kumsomea mgonjwa, soma mpaka mstari wa mwisho. Kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake yote uliyomweleza.

Mama yule sasa ana kalenda ukutani. Siku za dawa amezitia alama ya msalaba, siku za kupumzika ameziacha tupu. Kila mzunguko mpya unapoanza huniletea niikague, nami huisoma mara mbili.