Beki wa Bure Tumpimeje?

Mwaka huu kamati ya Chama chetu cha Kiswahili imenipa ukurasa niandike kuhusu kandanda, nami nimeamua kutoandika juu ya mafowadi. Hao wameshasifiwa vya kutosha. Makala haya ni ya mabeki, tena mabeki waliopatikana bure, kwa maana jambo hilo limenigusa mwenyewe.

Kwanza tuelewane. Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umekwisha, basi klabu inayomtaka humchukua bila kuilipa ile ya zamani hata ndururu. Zamani Ulaya haikuwa hivyo. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990, akataka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa. Liège ikadai pesa na safari ikakwama. Bosman akaenda kortini. Mwezi wa Desemba 1995 mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ikaamua kwamba mkataba ukiisha, klabu haiwezi kudai ada mchezaji anapohamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Baadaye desturi hiyo ikaenea kwingine. Hapa kwetu, ambako klabu nyingi hazina kitu mfukoni, usajili wa namna hii ni kama kununua mitumba. Unajua kuna mtu aliyeivaa kabla yako, lakini mara nyingine unapata shati zuri kuliko la dukani.

Timu ya mtaa wetu hapa Rongo haina mikataba. Ina jezi kumi na nne na mpira mmoja. Mapema mwaka huu tulipata wachezaji watatu wa bure. Wawili nitawaruka, maana walikuwa wa akiba tu. Wa tatu alikuwa kijana aliyekuja kukata miwa, mrefu, mkimya, na kocha akampa jezi nambari tatu. Nambari tatu ilikuwa yangu.

Sitaficha. Nilitaka ashindwe. Nikakaa benchi na daftari la hesabu, kurasa za nyuma, nikawa naandika kila bao tunalofungwa. Mechi tano za kwanza tulifungwa mabao saba. Msimu uliopita, mimi nikiwa uwanjani, mechi tano za mwisho tulifungwa sita. Nikasema haya, ushahidi huu hapa! Nikampelekea kocha. Akasoma, akaniuliza, "Na kipa alidaka mara ngapi?"

Sikuwa nimeandika.

"Hao waliofunga walipitia wapi?"

Hilo nalo sikuwa nimeandika. Akanirudishia daftari langu, akaenda zake.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mabao peke yake ni shahidi mwongo. Katika mechi moja huingia bao moja au mawili, na huenda moja lilidunda kwenye shimo la fuko. Anayetaka kuupima ukuta sharti ahesabu vitu vingine: adui amefika mara ngapi ndani ya eneo la hatari, amepitia upande gani, kipa ameokolewa na mabeki au mabeki wameokolewa na kipa. Tena ahesabu kwa mechi nyingi, kwa sababu mabeki wapya hawajajuana. Huyu anapanda kumtegea fowadi aotee, yule amebaki nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuchukue mfano ambao karibu sote tuliutazama. Michuano ya CHAN ya 2024 ilichezwa Agosti 2025 hapa Kenya, Uganda na Tanzania. Kanuni yake ilikuwa kwamba nchi ichezeshe wale tu wanaosakata mpira katika ligi ya nyumbani. Kocha wetu Benni McCarthy hakuweza kumwita beki yeyote kutoka ng'ambo. Ilibidi ajenge na mawe yaliyokuwa uani. Harambee Stars wakailaza Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakaichapa Moroko 1-0, kisha Zambia 1-0. Mechi nne, bao moja tu langoni mwetu. Na tusisahau kwamba dhidi ya Angola tulibaki kumi kabla ya nusu saa kwisha, na dhidi ya Moroko tulicheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi vilevile.

Je, mabeki wetu walikuwa mwamba? Mimi nasema ndiyo, lakini si wao peke yao. Katika ile mechi ya Moroko mpira ulikaa kwetu mpaka tukashika roho mkononi. Kipa Bryne Omondi alikuwa na kazi, na mafowadi walirudi nyuma kukaba. Ukitazama tu ule ubao wa mabao utampa beki sifa za watu wengine. Halafu ukaja robo fainali na Madagascar. Beki Alphonce Omija ndiye aliyetufungia, wakasawazisha kwa penalti, tukatolewa 4-3 kwa mikwaju. Siku ya pili watu stendi wakawa wanalaumu difensi! Bao moja la penalti, omera, ndilo limebomoa ukuta? Wale Moroko tuliowashinda ndio waliotwaa kombe.

Basi nikaanza hesabu upya, safari hii kwa haki. Mechi sita zilizofuata nilichora mshale kila adui alipopenya. Upande wa kushoto, upande wa yule mgeni, mishale ilikuwa michache kuliko upande wowote. Mingi ilikuwa katikati, na mabao mengi yalitoka kwenye kona, ambapo hakuna anayejua amkabe nani. Roho iliniuma, lakini kalamu ni yangu na mkono ni wangu. Nikamwonyesha kocha. Nikamwonyesha na mwenyewe, naye akacheka akasema, "Ndugu yangu, mimi nilidhani unaandika barua."

Lakini bure nayo ina bei yake. Huyu jamaa alihitaji viatu, nauli, na chakula siku ya mechi, na sisi huchanga sarafu. Ukisema hilo ni jambo dogo, tazama majirani zetu wa Awendo. Sony Sugar ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu mwaka 2006, na wazee hapa mjini wanaisimulia hadi leo. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo iliondolewa ligini kwa kukosa kufika kwenye mechi tatu. Pesa zilikuwa zimeadimika. Hata ungekuwa na mabeki wa aina gani, wasipofika uwanjani watamkaba nani?

Miwa ya upande huu inaelekea kwisha, na jamaa ameniambia tajiri wake anawahamishia Ndhiwa mwezi ujao. Nambari tatu itanirudia. Nimemwomba anifundishe jinsi anavyosimama, maana yeye hakimbilii mpira, husubiri. Tunafanya mazoezi Jumatano baada ya vipindi. Kuhusu kona bado hatujapata dawa, na yeyote mwenye shauri, hata kama ni mwalimu, aje uwanjani.