Kaunta Buku za Mwalimu: Rafiki Akifa, Kazi Yake Inabaki kwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwona Shaaban Robert akimwendea Siti binti Saad kule Unguja. Kwa aliyeikosa, nirudie kwa ufupi. Siti alizaliwa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Shule hakuiona. Shaaban Robert alimhoji mwaka 1950, na Julai mwaka huohuo Siti akafariki dunia. Wasifu aliouandika ulikuja kuchapwa baadaye, na mpaka leo ndio mlango ambao msomaji wa Kiswahili huupitia kumjua mwanamke yule. Wengi wanausifu kwa ufundi wa lugha. Mimi huusifu kwa tarehe: mwandishi alikwenda wakati mwenye habari yake bado yu hai.

Leo narudi nyumbani Singida, kwa mtu asiye na santuri wala wasifu uliochapwa. Alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na alitutoka akiwa amekwishastaafu. Jina lake silitaji kwa ombi la wanawe. Ualimu aliupata Chuo cha Kinampanda, Iramba, katika miaka ile serikali ilipokuwa ikitafuta walimu mbiombio kwa sababu ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote waingie darasani. Alifundisha vijijini muda mrefu, akamalizia mjini. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka hesabu na fimbo. Wachache tulijua kwamba alikuwa mchoraji, na wachache zaidi kwamba alikuwa akiandika.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Mtindo wetu unaujua: kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, vituo vya kazi, kustaafu, kuugua, watoto na wajukuu aliowaacha, kisha salamu za rambirambi kutoka makundi yote, likiwamo la vikoba. Hakuna aliyesema uongo pale. Lakini ungebadilisha jina na tarehe, ungeweza kuusoma wasifu uleule kwenye msiba wa mwalimu mwingine yeyote wa rika lake, na waombolezaji wasingeshtuka.

Matanga yalipoanuliwa, wanawe waliniomba nisaidie kupanga vitu vya chumba chake. Juu ya kabati kulikuwa na furushi la karatasi za manila zilizoviringishwa na kufungwa kwa utepe wa kanga. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati lenye kaunta buku. Baadhi ya manila zilikwisha kufungiwa vikombe na sahani na ndugu waliokuwa wakirudisha vyombo vya kuazima. Siwalaumu. Nani angejua? Kwa macho ya mpita njia, zile zilikuwa zana za kufundishia zilizochakaa.

Niseme habari za karatasi moja tu, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni mchoro wa mji wa Kinyaturu wa zamani, ulioonekana kana kwamba mchoraji amesimama juu ya jabali akitazama chini. Nyumba ni tembe, ile ya paa bapa la udongo juu ya boriti na fito. Mbele yake kuna zizi, na nje ya uzio shamba la uwele. Mistari ya ukuta imepigwa kwa rula, mwalimu ni mwalimu. Watu amewachora vibaya, na hilo alilijua mwenyewe: wote wamegeuza migongo. Lakini kuanzia zizini hadi shambani amepitisha mshale mwekundu, na kando yake ameandika kwa penseli kwamba samadi hutolewa kabla ya mvua za Novemba, na kazi hiyo ilifanywa na nani, kwa chombo gani. Ndani ya nyumba ameweka namba. Namba moja, mawe ya kusagia. Namba mbili, pahali pa ndama. Namba tatu, kitanda cha bibi, ambacho hakikuruhusiwa kuhamishwa.

Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo kuna mchoro mwingine: nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, mapaa ya bati yamechanganyika na ya nyasi, na chini yake mwaka 1974. Hiyo ni Operesheni Vijiji. Hakuandika neno la lawama. Aliuchora mshale uleule mwekundu, safari hii ukitoka zizini na kukatika njiani kabla ya kufika shambani. Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu juu ya kuhamishiwa vijijini, nyingine nzuri sana, lakini sijaona maelezo mafupi kuliko mshale huo uliokatika. Kilimo cha Wanyaturu kilisimama juu ya ng'ombe kulala karibu na shamba. Katika nchi yenye mvua chache na udongo wa kichanga, samadi ndiyo iliyofanya uwele na mtama vikubali mwaka hadi mwaka. Ukiihamisha nyumba na zizi likaifuata nyumba, shamba lililolishwa kwa miaka linabaki na njaa kule nyuma. Mwalimu alikuwa binti mdogo wakati huo. Aliona kwa macho, akaja kuchora akiwa mtu mzima.

Kaunta buku ni habari nyingine. Kuna mashairi, na kwa kuwa namheshimu sitayapamba: mengi ni ya kawaida, yale ya kukaribisha mwenge na kuaga wanafunzi wa darasa la saba, vina vikiburuta maana. Ajabu ni kwamba aliyasahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Pembeni ya shairi moja amejipa nne juu ya kumi, na kuandika: vina vimekulazimisha, rudia. Hakurudia. Ningependa washairi wetu wengine wawe na kalamu hiyo.

Penye thamani ni pale alipoacha ushairi na kuanza kuorodhesha. Kuna kurasa za majina ya nyasi na miti kwa Kinyaturu, kila moja na kazi yake: hii ya kuezekea, hii ya kusukia kikapu, hii ng'ombe hawaigusi. Kuna maelezo ya kikapu cha mama yake, mzunguko kwa mzunguko, rangi ilitoka kwenye mti gani na ilichemshwa namna gani. Kuna hadithi za bibi yake, na mwisho wa kila hadithi ameandika alisimuliwa na nani, wapi, na katika msimu gani. Hili la mwisho ndilo linalotenganisha daftari la kumbukumbu na karatasi za kufungia vyombo. Hakuna aliyemfundisha. Nadhani lilitokana na miaka ya kujaza rejista ya mahudhurio.

Kwa nini nasisitiza jina, mahali na wakati? Kwa sababu mkoa wetu una mfano wa hasara hiyo kwenye majabali yake. Iramba na Mkalama kuna michoro ya mapangoni, wanyama na watu kwa rangi nyekundu na nyeupe, jamaa ya ile ya jirani zetu Kondoa iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watafiti wanabishana kuhusu umri wake na maana yake. Wachoraji hatutawajua kamwe. Mikono ile ilikuwa ya watu waliopendwa na kuliliwa na rafiki zao, na leo tunaiita kwa rangi ya udongo waliotumia.

Hasara ya namna nyingine ni ya kuandikwa na watu wengine. Katika miaka ya 1940 Singida ilijulikana nje kwa kesi za "watu-simba", na maofisa wa kikoloni walijaza majalada kwa habari za mauaji yale. Msomaji wa majalada hayo atadhani nchi hii haikuwa na jioni, mama wasukaji, wala watoto wa kutegeana vitendawili. Baadaye alikuja Marguerite Jellicoe, mtafiti wa mambo ya jamii, aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa Wanyaturu. Mwaka 1969 alichapa katika jarida la Tanzania Notes and Records makala juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1978 kitabu chake The Long Path, kinachoeleza mabadiliko ya jamii katika eneo la Wahi, kikatoka Nairobi. Ana lake la kujadiliwa, kama mtafiti yeyote wa wakati wake. Lakini mwaka 1968, katika jarida la Transition, aliandika makala pamoja na Vincent Sima na Jeremiah Sombi, na majina yao yakawekwa kando ya lake kama waandishi. Watafiti wengi wa enzi zile waliwaita watu kama hao wakalimani, wakawashukuru kwenye dibaji, basi.

Na yupo Liti. Mwanamke huyu aliyewaongoza Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, na ambaye simulizi zinasema aliwatuma nyuki kuwapiga askari, leo jina lake limebandikwa kwenye uwanja wa mpira wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua. Ni heshima, sikatai. Ila waulize mashabiki wanaotoka pale Jumamosi jioni Liti alikuwa nani. Jina likikaa peke yake bila kazi wala maneno ya mwenyewe, linageuka kuwa anwani.

Sasa mambo ya vitendo, maana nimeulizwa tangu sehemu ya kwanza ilipotoka. Ukiachiwa karatasi na madaftari ya marehemu, usianze kwa kuyasafisha wala kuyapanga upya. Mpangilio aliouacha ni habari pia: alichokiweka juu alikuwa akikitumia. Piga picha kwanza, hata kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila jua kali kuangukia karatasi. Kila mchoro uuandike nyuma kwa penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kutia doa upande wa pili. Andika jina lake, kijiji, mwaka ukiujua, na wewe uliyeandika ni nani. Manila iliyoviringishwa miaka mingi usiinyooshe kwa nguvu, itapasuka. Ilaze polepole chini ya ubao mpana. Singida unyevu si adui mkubwa kama Pwani. Adui ni mchwa, vumbi na joto la chini ya bati. Sanduku lisigusane na sakafu wala ukuta, na majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa yanasaidia kufukuza wadudu. Mfuko wa plastiki uliokazwa usiutumie.

Halafu sheria. Watu wengi hudhani anayelishika daftari ndiye mwenye neno la mwisho. Sivyo. Daftari kama kitu ni mali ya urithi, linagawanywa pamoja na vitanda na mbuzi. Haki ya kulinakili na kulichapa ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo binamu aliyechukua kaunta buku hawezi kuliuza kwa mchapishaji bila idhini ya warithi wa haki hiyo. Lakini hata warithi wakigombana, mchoro unaendelea kuliwa na mchwa, na mchwa hasubiri hukumu. Ni vyema familia ikubaliane mapema, ikiwezekana mbele ya msimamizi wa mirathi, nani atatunza asili, nani atapewa nakala, na nani ana idhini ya kuruhusu uchapaji.

Wanawe rafiki yangu wamekubaliana hivyo. Asili zinabaki kwa binti mkubwa, nakala za picha ziko kwa ndugu wote, na kaunta buku la majina ya nyasi linachapwa upya na mjukuu aliye chuoni, neno kwa neno, pamoja na masahihisho ya kalamu nyekundu. Niliwashauri wasiyaondoe.

Walimu wastaafu wa Singida, Manyoni, Ikungi, Iramba na Mkalama, nawaomba jambo moja. Zile manila mlizochora kwa mikono yenu kabla vitabu vya picha havijafika shuleni, msiziwashie moto. Ziandikeni majina yenu nyuma, na mwambieni angalau mtu mmoja mlipoziweka. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itahusu kanda za redio na sauti zilizorekodiwa majumbani.