Muchanga mweusi, muchanga mweupe: konje yetu ku Martinique

Mutu wa mugodi anajua mawe. Umupatie jiwe mu mukono, atakuambia kama iko na shaba ao ni udongo tu. Ndiyo maana, tulipofika ku Martinique kwa konje ya siku kumi, kitu cha kwanza kilichotushangaza si bahari. Ni muchanga.

Martinique ni kisiwa cha bahari ya Karaibi, urefu wake karibu kilometri 65. Mu 1946 kilifanywa departema ya Ufaransa: wanalipa na euro, wanasema Kifaransa na Kikreole. Kwa luga hatukupotea sana.

Tulianza upande wa kaskazini, ku Saint-Pierre. Pale muchanga ni mweusi sawa makala yaliyosagwa, kwa sababu unatoka mu mulima wa moto, Montagne Pelée, unaosimama karibu. Ndugu zetu wa Goma wanajua mulima wa namna hiyo. Tarehe 8 ya mwezi wa 5, mwaka 1902, asubuhi, wingu la moto lilishuka juu ya muji. Kwa dakika chache tu watu karibu 28.000 wakafa. Mufungwa mumoja, jina lake Cyparis, alipona kwa sababu alikuwa ndani ya kasho ya mawe manene. Ile kasho ingali pale. Mumoja wetu, aliyefanya kazi chini ya udongo miaka mingi, akapapasa ukuta wake, hakusema kitu.

Kisha tukashuka kusini. Fasi inaitwa Les Anses-d'Arlet kuna pwani mbili zinazopakana: Anse Noire, muchanga mweusi, na Anse Dufour, muchanga mweupe. Unatembea dakika chache tu kutoka moja kwenda ingine! Mweusi ni jiwe la mulima wa moto, mweupe ni makombe na matumbawe yaliyosagwa na bahari. Ni mugini ya wavuvi; kobe wa bahari wanakuja kula majani karibu na watu wanaoogelea. Tulikula samaki na unga wa muhogo, tukacheka: kuvuka bahari nzima kuja kukuta muhogo!

Ku Sainte-Anne, pwani ya Salines ni ndefu na iko na minazi mingi. Lakini angalia muti unaoitwa mancenillier. Matunda yake yanafanana na pomme, ni sumu. Mvua ikinyesha, maji yanayotiririka mu majani yake yanaunguza ngozi. Wameipaka rangi nyekundu. Ni sawa pankarte ya mugodini: ukiona nyekundu, pita mbali.

Siku ya mwisho tulienda Anse Caffard, karibu na mugini ya Le Diamant. Hapo hatukuogelea. Juu ya majani wamesimama watu 15 wa beton, weupe, urefu metre 2 na nusu, vichwa vimeinama. Wote wanaangalia bahari, upande wa Afrika. Ni kazi ya Laurent Valère, ya mwaka 1998, miaka 150 kisha utumwa kukomeshwa kule. Usiku wa tarehe 8 ya mwezi wa 4, 1830, mashua ya watumwa ilivunjika juu ya mawe ya pwani ile. Biashara ya watumwa ilikuwa imekatazwa tayari. Ilikuja kwa kujificha. Watumwa 86 tu waliokolewa, wengi wao wanawake. Maiti za mabaharia zilizikwa mu makaburi ya mugini. Maiti za watu weusi zilizikwa kando ya bahari tu. Majina yao hakuna anayeyajua.

Na mambo haikuishia pale. Kisha utumwa kwisha mu 1848, mashamba ya miwa yakakosa watu. Kati ya 1857 na 1862, Waafrika zaidi ya 10.000 wakapelekwa Martinique, wengi kutoka upande wa mulango wa muto Kongo. Walinunuliwa kwanza, kisha wakapewa kontra ya miaka kumi, na bei ya kuwanunua ikakatwa ku mushahara wao. Kule wakaitwa «Congo». Sisi watoto wa Katanga, ambao wazee wetu wengi walifika hapa na kontra ya kazi, ile neno tunaijua uzito wake.

Tuliporudi, watoto wakatuuliza: «Pwani ilikuwa muzuri?» Tukajibu ndiyo, muzuri sana, tukawaonyesha picha za Anse Dufour na za kobe. Kisha tukawaonyesha wale 15. Mutoto mudogo akauliza wanaangalia nini. Tukamwambia: wanaangalia kwetu.