Kigari cha Mtoto wa Pili
Mimba ya pili ikiingia, wengi hukimbilia kigari cha viti viwili. Naona ni haraka mno. Mkubwa akifika miaka 3 hupenda kutembea mwenyewe, na kiti chake hubaki kubeba vitunguu vya sokoni. Afadhali kigari chepesi kinachokunjika, wazo la Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyebuni kigari cha fremu ya alumini mwaka 1965. Atakayesema mtoto mchanga hafai kukalishwa humo yuko sahihi: shingo haijakaza, anahitaji kulala chali. Lakini miezi hiyo ya mwanzo mbeleko iliyofungwa vizuri, kichwa kikiegemezwa, inatosha, tena hupita kwenye mchanga na ngazi za daladala ambako magurudumu madogo hukwama. Mapacha ni hesabu nyingine: hapo cha viti viwili kinafaa. Ila pima kwanza upana wa mlango.