Kuipima Injini Kabla ya Kuinunua: Nasaha kwa Wenye Magari Makuukuu wa Kasulu na Kibondo

Katika nyanda za juu za Kigoma, tangu Kasulu hadi Kibondo na kuendelea Kakonko, gari haliachwi kwa kuwa limezeeka. Land Cruiser na Hilux za miaka ya themanini na tisini, ambazo baadhi yake zilikwisha kutumika katika mashirika yahudumiayo wakimbizi kabla ya kuuzwa mnadani, zingali zikibeba maharage, mihogo na abiria, na aghalabu fremu zake huishi umri mrefu kuliko injini zilizozaliwa nazo. Basi injini ikichoka hata kuitengeneza kukawa ghali kuliko kuibadili, mwenye gari huagiza injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, naye muuzaji akishapokea fedha na mzigo ukishapakiwa, ni nadra kukubali kuupokea tena. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kazi ya kubadili injini huanza kabla ya fedha kutoka mfukoni, na fundi yeyote aanzaye kupima siku injini inaposhushwa garini amekwisha kuchelewa.

Swali liulizwalo na wengi ni kama injini itaenea chini ya boneti. Hilo ni swali dogo kuliko yote, kwani injini haikai peke yake: imefungamana na giaboksi, na breki, na umeme, na rejeta, na kila kimojawapo kina haki ya kuikataa.

Natutwae mfano ulio maarufu, wa Land Cruiser iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli ya 2H, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 3,980, ambayo mwenyewe ataka kuitilia 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, nayo ina silinda 6 vilevile na ujazo wa 4,164. Zote mbili ni dizeli, zote ni za Toyota, na zote hazina tabo. Mtu asiye na hadhari atadhani kwamba zinabadilishana tu. Lakini giaboksi ya H55F, iliyofungwa nyuma ya injini zote hizo mbili kwa nyakati mbalimbali, ina kombe la klachi linalohitilafiana kwa kila aina ya injini, hivyo namba ya giaboksi kuwa moja si dalili ya kutosha kwamba boliti zitakutana na matundu yake. Ni sharti kombe, flaiwili, sahani ya klachi na starta vinunuliwe pamoja na injini, vikiwa vimetoka katika gari moja, au vipimwe kimoja kimoja kwa rula na kalipa. Kadhalika maunti za injini na umbo la sampu: injini iliyotolewa katika gari lisilo na difu ya mbele yaweza kuwa na sampu inayogongana na difu hiyo, na hapo hulazimu sampu na bomba lake la kunyonya oili vibadilishwe.

Yako mabadiliko ambayo yana hatari kubwa kuliko haya, nayo ni kuiondoa injini ya petroli na kuiweka ya dizeli, jambo linalofanywa sana kwa ajili ya kupunguza gharama ya mafuta. Injini ya petroli huizalisha yenyewe nguvu ya ombwe inayoisaidia busta ya breki, kwa kuwa hewa yake huzuiwa mlangoni na kipepeo. Dizeli haina kizuizi hicho, na kwa hiyo Toyota iliziwekea injini zake nyingi za dizeli pampu ndogo ya ombwe, iliyoshikamana na sehemu ya nyuma ya oteneta. Mwenye kununua injini ya dizeli bila oteneta yake, akafunga oteneta yoyote aliyoiona sokoni, amenunua gari ambalo pedali ya breki yake itakuwa ngumu kama jiwe, nalo lapaswa kushuka na mzigo kutoka milima ya Kasulu hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika ulio mita 773 tu juu ya usawa wa bahari. Hili silisemi kwa kutia hofu. Watu hufa kwa sababu yake, na tiba yake ni kuuliza swali moja dukani. Dizeli pia huhitaji bomba la kurudisha mafuta tangini, ambalo tangi la gari la petroli huenda likawa halina.

Umeme nao usisahauliwe, maana Land Cruiser kadhaa za dizeli zilizoundwa kwa ajili ya soko la Japani zilikuwa na umeme wa volti 24, ilhali nyingi zilizoletwa huku zikiwa mpya ni za volti 12. Starta, hita na oteneta lazima viafikiane na gari. Injini zenye pampu inayoongozwa na kompyuta, mfano 1KZ-TE, zisinunuliwe bila kontroli boksi na nyaya zake zote, na kwa maoni yangu mtu wa Kibondo asizinunue kabisa iwapo hana fundi wa umeme aliye karibu.

Liko jambo la mwinuko, ambalo wauzaji wa pwani hawalifikirii kwa kuwa halipo kwao. Sehemu kubwa ya nyanda hizi imepita mita 1,200, na zipo zifikazo mita 1,500, ambako hewa imepungua takriban sehemu moja katika sita ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, pampu yake ikiwa imepimwa kwa hewa ya baharini, hutoa dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi mweusi, ikapoteza nguvu na kupata joto. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kifaa kinachopunguza dizeli kadiri nchi inavyoinuka; kitafutwe, na kisipopatikana pampu irekebishwe na mtaalamu wa pampu. Maji nayo, kwa mwinuko huo, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo ni adui, na rejeta iliyotosha injini ndogo isitarajiwe kuitosha iliyo kubwa.

Tena, 2H huendesha vali zake kwa gia, nayo 1HZ kwa belti. Mwenye kuzoea ile ya kwanza hana desturi ya kuikumbuka belti, na belti ya injini ya mtumba haina umri ujulikanao. Ikikatika, vali na pistoni hugongana. Ibadilishwe pamoja na tenshena yake kabla injini haijawashwa mara ya kwanza garini.

Mwisho kuna karatasi. Kadi ya gari itolewayo na Mamlaka ya Mapato Tanzania ina namba ya injini pamoja na namba ya chasisi, na injini ikibadilika namba hiyo haisemi kweli tena. Mnunuzi aisome namba iliyochongwa kwenye bloku kwa macho yake mwenyewe au kwa picha aliyotumiwa, aikatae iliyosuguliwa, adai risiti yenye namba ileile, kisha aende ofisi ya mamlaka hiyo kadi irekebishwe, kabla gari halijasimamishwa njiani na askari wa usalama barabarani au kupata mnunuzi mwingine.