Jina Linapouponza Mmea

Aghalabu jina hutangulia elimu, na elimu ikichelewa jina hutawala. Chukua mfano wa mmea ule mdogo ambao majani yake hufumba ghafla nzi akitua. Tumezoea kuuita mla nyama, na jina hilo ndilo linalouua madirishani mwa madarasa yetu hapa Kakamega.

Mwenye kuuita hivyo huutunza kama mbwa. Ukinyauka, huutilia kipande cha nyama. Nyama ikaoza, na jani likaoza nayo. Kisha huongeza samadi na maji ya bomba, na mgonjwa akazidiwa.

Ukweli ni kwamba mmea huu hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, sawa na mhindi ulioko shambani. Kwao ni nyanda chepechepe za Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, Marekani, ambako udongo una asidi na hauna rutuba. Mdudu kwake si ugali bali ni kitoweo: huupatia naitrojeni ambayo udongo umeunyima. Charles Darwin aliyaeleza majaribio yake juu ya mimea ya namna hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1875.

Basi, mwalimu, mmea wako ukidhoofika, usiulize umekula nini. Uliza kwanza umepata jua kiasi gani. Pili, uliza maji. Maji ya bomba na ya kisima yana madini ambayo hulundikana na kuumiza mizizi. Maji ya mvua ndiyo dawa, na mvua Kakamega si haba. Kinga beseni uani, ukiweke chungu ndani ya kisahani chenye maji hayo. Tatu, uliza udongo: uwe mboji ya kinamasi na mchanga uliooshwa, bila mbolea yoyote. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Nanyi wanafunzi, msiuchokoze kwa vijiti. Kila mtego una nguvu za kufumba mara chache tu, kisha hufa. Jani kuukuu kuwa jeusi si msiba, maadamu kitovu cha mmea kingali kibichi na kigumu, likate tu.

Liko jambo moja lisilo na tiba hapa. Mmea huu hupumzika miezi ya baridi, nasi tuishio karibu na Ikweta hatuna majira hayo. Atakaye mmea wa kudumu darasani heri atafute drosera ya Rasi ya Tumaini Jema, ambayo hunasa wadudu kwa majani yenye ulimbo na haihitaji usingizi huo.

Mtoto aliyefunzwa jina pasipo maana atauona mmea ukifa, aamini kwamba uliuawa na njaa. Hilo ni somo la uongo. Lifute jina la mla nyama chunguni, uandike mnasa wadudu, kisha uutoe mmea juani.